Paipu ya hewa ya gari: faiba ya kujitengenezea, PVC au alumini? Na ukichagua faiba, poliesta au epoksi?

Haya, hili swali naulizwa sana tangu watu waone ile paipu nyeusi chini ya boneti yangu, inayopeleka hewa kwenye injini, ati "hiyo umenunua wapi?" Sijanunua, nimeitengeneza kwa faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ile gundi ya majimaji, na poliesta na epoksi ni aina zake mbili) kibarazani Kisauni, na kabla sijafika hapo nshatumia ya PVC, nshapandisha ya alumini nikaitoa, kwa hivyo acha niwaambie nilivyoziona mie mwenyewe, ukimaliza utajua yako ni ipi na hwenda ukaona huhitaji hata moja.

Manake tuanze na hilo. Kama boksi la filta lililokuja na gari ni zima na shingo yake haijapasuka, liache. Hesabu yenyewe ni fupi: injini ya 1500cc, kila silinda inavuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hivyo ukiipeleka mizunguko 6000 kwa dakika inavuta lita 4500, na kwa vile silinda hazijai kabisa sema inabaki kama lita 64 kwa sekunde. Kwenye paipu yenye kipenyo cha milimita 64 kwa ndani hiyo hewa inaenda kama mita 20 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu, haijabanwa popote. Weka paipu nene ya milimita 76, mwendo unashuka mpaka 14 na injini haijali. Utakachopata ni mlio, na mlio unadanganya watu sana, mtu akisikia gari inanguruma anaapa imeongeza nguvu.

Kinachosaidia kweli ni gari inavutia hewa wapi. Hewa ya Mombasa mwezi wa 2 ni nyuzi 33 hivi, ile ya chini ya boneti ukiwa kwenye foleni inaweza kufika 60, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya 33. Hiyo injini inaisikia. Kwa hivyo mdomo wa paipu ukae mbele, nyuma ya grili, mbali na radieta na manifoldi ya egzosti, LAKINI usiushushe chini nyuma ya bampa kama wanavyofanya wale wa video. Sisi mvua ya mwezi wa 5 twaijua, barabara inageuka mto, mdomo ukinywa maji injini inajaribu kuyabana na maji hayabaniki, konrodi, kile chuma kinachosukuma pistoni, inapinda, na hapo hutafuti paipu tena, watafuta injini.

Mie sababu yangu haikuwa nguvu wala mlio. Shingo inayotoka grili kwenda boksi la filta ilipasuka, mwenye gari wa kwanza alishaigandisha na gundi mara mbili, na kila ya mtumba niliyoonyeshwa ilikuwa imepasuka palepale. Ndo safari ikaanza.

Kwanza PVC

Nlienda hadiwea nikachukua paipu ya kijivu ya maji machafu na kona mbili, msumeno, tepu, nikamaliza kabla ya adhuhuri. Bei ya chai na mahamri ya watu wanne. Kama paipu yako yote itakaa mbele ya radieta, pale panapopigwa na upepo, wallahi usisome zaidi, PVC yakutosha.

Shida ni joto. PVC ngumu inakubali mpaka nyuzi 60 hivi na ikikaribia 80 inakuwa laini. Yangu kona moja ilipita nyuma ya radieta kama kiganja kimoja. Siku moja nimekwama kwenye foleni ya malori njia ya Changamwe, saa nane mchana, nafika nyumbani nafungua boneti naona kona imelegea kama muhogo uliochemka, imelala juu ya hosi ya radieta. Nikaigusa ikaacha alama ya kidole. Na kona za PVC zinakata ghafla, hazipindi kwa upole, ukiweka tatu unakuwa umejitengenezea kizuizi mwenyewe.

Alumini

Nzuri kwa macho, hiyo sibishani. Watu wanasema inapasha hewa joto kwa vile inapitisha joto haraka, ni kweli chuma chenyewe kinapata moto lakini fikiria, hewa ikienda mita 20 kwa sekunde kwenye paipu ya sentimita 60 inakaa mle ndani sekunde 0.03, itapata moto saa ngapi? Ukiwa kwenye foleni ndo kuna tofauti kidogo. Kwa hivyo hiyo siyo sababu ya kuikataa.

Sababu ni mbili. Kwanza kuchomelea alumini siyo kama kuchomelea grili ya dirisha, inataka mashine ya TIG na gesi ya agoni na fundi anayejua, na hao ni wa kuhesabu na wanajijua kuwa ni wa kuhesabu. Ukikosea kipimo cha kona unarudi tena kulipa. Pili, na hii ndo iliyonitoa, kati ya betri na taa ya mbele ya gari yangu pana upenyo wa sentimita nne na nusu kwenda juu na kumi na moja kwa upana. Paipu ya duara haipiti pale, labda uweke nyembamba kama ya pikipiki. Ile ya kampuni ilikuwa duara, halafu bapa, halafu duara tena. Alumini haikupi umbo hilo bila kugongwagongwa, na PVC nayo haikupi. Hapo ndo faiba inaingia, siyo kwa sababu ni nyepesi.

Tena hilo la wepesi nimelipigia hesabu kwa sababu kila mtu analisema. Paipu ya urefu wa sentimita 60 na kipenyo cha 7: faiba ya unene wa milimita 3 ni kama gramu 600, alumini ya milimita 2 ni kama 700, PVC ni kama 450, na ukitumia bomba la egzosti la chuma unapita kilo moja na nusu. Faiba na alumini wanalingana tu. Faiba inashinda kwenye umbo, na kwenye chumvi, manake hapa pwani chuma kinaota kutu huku unakitazama na alumini inapata ule unga mweupe, lakini faiba ndo wanayotengenezea maboti, bahari yenyewe haiiwezi.

Haya sasa faiba, na hapa ndo kuna maneno

Watu wakisema faiba wanadhani ni kitu kimoja. Kuna maamuzi mawili na yote yanakubana: umbo unalipata vipi, na resini gani.

Kwenye umbo kuna wanaotengeneza moldi, yaani unachukua paipu nzima ya asili, unaipaka nta mara tano sita, unaifunika faiba nusu kwa nusu, unapata maganda mawili, halafu ndani ya maganda hayo ndo unatengeneza paipu yako. Na kuna wanaochonga umbo kwa foamu, wanalizungushia faiba kwa nje, ikikauka wanaitoa foamu. Mie nlianza na moldi kwa vile niliona paipu ikitoka inang'ara kama sahani. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa maboti kule Mtwapa, nipate sifa.

"Shikamoo mzee. Tazama kazi."

"Marahaba mwanangu." Hakuitazama. Alitia kidole ndani akakizungusha, akakitoa, akakiinua juani. Kilikuwa kinametameta, vinywele vidogo vidogo vya kioo vimeganda kwenye ngozi. "Hii gari yako yapumua nje ya paipu au ndani?"

Nlinyamaza.

Manake ndivyo ilivyo, upande unaogusa moldi ndo unatoka laini, upande wa pili unabaki na nyuzi zake. Ukitengeneza ndani ya moldi, laini ni nje. Ukizungushia foamu, laini ni ndani, nje inabaki kama ngozi ya fenesi na utapiga msasa na filla mpaka uchoke, lakini injini haioni nje. Kwa paipu moja ya gari yako mwenyewe foamu inashinda, sina la kuongeza. Moldi inalipa kama una wateja wanne watano wenye gari moja, na hata hivyo ndani upake resini koti moja zaidi na upige msasa kabla ya kuunganisha maganda.

Na hivyo vinywele siyo jambo la urembo. Kama kipande chako kiko kabla ya filta, filta itavishika. Kama kiko baada ya filta, kati ya filta na injini, vinaenda moja kwa moja kwenye waya wa sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia injini, na kwenye kuta za silinda, na kioo na silinda havijawahi kuwa marafiki. Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayeanza, tengeneza cha kabla ya filta tu. Cha baada ya filta kina na shida nyingine: Toyota nyingi za injini ya 1NZ-FE sensa imechomekwa kwenye kifuniko cha boksi la filta au shingoni, na kompyuta inahesabu hewa kwa kujua upana wa pale sensa ilipo. Ukibadilisha upana, hesabu inapotea, gari inakula mafuta au inakosa mafuta, injini inatetema gari ikiwa imesimama, taa ya injini inawaka, weye unabadilisha plagi hazina kosa. Pale sensa ilipo pasiguswe.

Poliesta au epoksi

Poliesta ndo ile resini ya maboti na matangi, inanuka mpaka mtaa wa pili, ya bei nafuu. Epoksi haina harufu kali hivyo, inashika vizuri zaidi, haisinyai sana, na bei yake ni zaidi ya maradufu. Ukisikia hivyo unasema ah, epoksi ni bora nikiwa na pesa. Ngoja kwanza.

Foamu ile nyeupe ya maboksi ya TV ambayo kila mtu anayo nyumbani, poliesta inaiyeyusha. Mie nliambiwa nikadhani ni maneno. Nimechonga umbo langu masaa mawili kwa kisu cha kachumbari, limetoka zuri, nikapaka brashi ya kwanza, na chini ya brashi foamu ikaanza kuzama kama theluji ya kwenye friji ukiimwagia maji moto, dakika mbili nina shimo la kuingia ngumi. Kwa hivyo ukitumia poliesta na foamu nyeupe, uifunge tepu yote, yote kabisa, halafu juu yake karatasi ya alumini ile ya jikoni, pasibaki hata tundu la sindano. Faida ni kwamba mwisho unamwaga asetoni ndani na foamu yote inayeyuka yenyewe inabaki ute, na ile tepu unaivuta. Epoksi haiiyeyushi foamu nyeupe, unapaka moja kwa moja. Ama utumie lile povu la kopo la kuzibia milango, hilo linavumilia poliesta, lakini asetoni haliliwezi, utalikwangua kwa kijiko na bisibisi.

Kisha mati, yaani shuka la nyuzi za faiba. Ile ya nyuzi zilizotawanyika, imeshikwa na gundi ambayo inalainishwa na poliesta, ndo maana inalala vizuri kwenye kona. Ukiipaka epoksi mara nyingi inabaki ngumu, inainuka inainuka, unaigonga na brashi unatukana. Epoksi inataka kitambaa cha faiba kilichofumwa. Kitambaa kinakula resini kama uzito wake, mati inakula mara mbili na zaidi. Kwa ile paipu ya sentimita 60, tabaka tatu za mati ya gramu 450 ni kama gramu 180 za mati na gramu 400 za resini, na kila tabaka inakupa unene wa kama milimita moja. Nunua robo tatu ya kilo, nyingine itagandia kwenye kikombe.

Na itagandia kweli, kwa joto letu hili. Poliesta inatiwa hadena, ile dawa ya kuigandisha, asilimia 1 mpaka 2, na yale maandishi ya kopo ati inaganda dakika 15 au 20 ni ya chumba cha nyuzi 25. Mie nlitia 2 saa saba mchana, kikombe kizima cha nusu kilo. Dakika ya sita brashi ikaanza kubeba vipande kama uji ulioganda, ya nane kikombe kikawa cha moto hakishikiki, kikatoa moshi, nikakirusha mchangani, mama mwenye nyumba akatoka na kanga mdomoni ananiuliza nachoma nini na mtoto amelala. Sahii natia asilimia 1, gramu 200 kwa mara moja, yaani gramu 2 za hadena, napima kwa bomba la sindano na siyo kwa kifuniko cha chupa, na nafanya asubuhi baada ya umande kukauka. Hiyo hadena ikikuruka jichoni inaweza kukupofua, vaa miwani, na usiichanganye kamwe moja kwa moja na ile dawa ya kobalti ya kuharakisha, zinalipuka.

Epoksi siyo hivyo, kipimo chake kimeandikwa na aliyeitengeneza, labda 2 kwa 1 labda 5 kwa 1, hupunguzi hadena ati kuna joto, ukipunguza itabaki kama asali milele. Unachofanya ni kuchanganya kidogo na kuimwaga kwenye sahani pana isijipashe moto yenyewe. Na unyevu wetu unaipa utandu wa mafuta juu, uoshe kwa maji na sabuni kabla ya koti la pili. Poliesta nayo ina kasoro yake, ikigusana na hewa juu inabaki inanata, na uso unaonata ndani ya paipu ya hewa ni mtego wa vumbi, koti la mwisho litiwe nta ya resini. Kwenye foamu iliyofungwa tepu upande wa ndani haugusani na hewa, kwa hivyo unatoka mkavu, sababu nyingine ya kupenda foamu.

Sasa joto la injini, hapa watu wengi wanakosea, na mie nlikosea. Epoksi iliyokaukia kibarazani haivumilii joto kuliko poliesta, mara nyingine ni chini, nyingi zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 mpaka 60 na kitu, poliesta ya kawaida 60 mpaka 80. Epoksi inataka kuokwa polepole ikishakauka ndo inapanda. Oveni ya kuingiza paipu hatuna lakini tuna jua: iweke kwenye dashibodi ya gari, funga vioo, egesha juani siku mbili tatu, pale panafika 70 bila wasiwasi. Iegemeze vizuri siku ya kwanza isipinde. Kama kipande kinapita karibu na egzosti, zote mbili siyo zako, tafuta resini ya vinaliesta kwa watu wa maboti, hiyo inapita 100, au rudi kwenye alumini. Na gari za tabo, yaani zenye kifaa cha kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, ile paipu inayotoka kwenye tabo ikiwa imebeba presha, tafadhali usijaribu faiba ya kibarazani.

Kwa hivyo kama paipu imenyooka na iko mbele penye upepo, PVC. Kama ni duara tu inapita penye moto na una fundi wa TIG, alumini. Kama umbo ni la ajabu na kipande kiko kabla ya filta, faiba, foamu iliyofungwa tepu, poliesta na mati, hata kama una pesa ya epoksi. Epoksi nunua kama unaishi ghorofani na majirani wana maneno, au kama unatumia kitambaa na una subira ya kuioka. Kwa zote, vumbi la msasa vaa maski na upige na maji, mie siku ya kwanza nlivaa fulana tu, nlijikuna siku tatu, usiku shuka lilikuwa kama limetiwa upupu.

Yangu ni poliesta, imepita masika mawili, umbo halijabadilika hata pale nyuma ya radieta. Imepata ufa mmoja tu, kwenye mwisho unaoingia boksi la filta, na kosa ni langu. Boksi kwenye gari yangu limefungwa kwenye injini na paipu imefungwa kwenye bodi, injini inacheza kwenye mountini zake, ile mipira inayoibeba, bodi haichezi, na mie nliunganisha faiba kwa faiba kwa vile niliona hosi ya mpira inaharibu sura. Jumamosi nakata sentimita sita pale, natia hosi na klipu mbili, na kwenye ncha ya paipu nazungusha uzi wa faiba mara tatu upate ukingo hosi isichomoke. Mama mwenye nyumba nshamwambia, amesema yuaenda kwa dadake Likoni kutwa.